Siku Nne Kabla ya Kadi

Rozalia hushinda ufukweni Katonga akianika dagaa wa watu kwa ujira. Siku hiyo alirudi nyumbani Ujiji mchana. Alimkuta mwanawe Diana, mwenye miaka saba, amejikunyata mkekani. Mwili ulikuwa wa moto.

Rozalia aliingiwa na hofu. Mwezi huo alikuwa amemkatia Diana bima ya afya ya kampuni binafsi. Alijibana kweli kweli. Lakini kadi ilikuwa ianze kutumika baada ya siku thelathini, na zilibaki siku nne.

Basi akaamua kungoja. "Vumilia, mwanangu," alisema, akimkanda maji. Wala tusimcheke. Hofu ikikupanda kichwani, kosa unaliona busara.

Jirani yake Dorotea, nesi wa kituo cha afya, alipita kusalimia.

"Mama Diana, mtoto ana nini?"

"Homa, dada. Nangoja kadi ianze. Nikienda sasa, bima ina faida gani?"

Dorotea alimgusa mtoto. Uso ukambadilika.

"Anakunywa maji?"

"Anatapika kila kitu."

"Mbebe twende. Homa hii haingoji kadi."

"Sina hela ya kutosha."

"Tutaongea nao tukifika."

Njiani Diana alianza kutetemeka, macho yakageuka. Rozalia alikimbia pekupeku, akimwomba Mungu kwa Kiha.

Kituoni walimpima. Ilikuwa malaria kali. Walimchoma sindano, wakamtundikia dripu. Dorotea aliongea nao, wakakubali Rozalia alipe kidogo kidogo. Rozalia alikaa sakafuni.

"Dada, nilikuwa namuua mwanangu ili nisipoteze bima," alilia.

Siku ya tatu Diana aliomba ugali na samaki aina ya mgebuka.

"Bima yenyewe niiache?" Rozalia alimuuliza Dorotea.

"Inaweza kukufaa, ila uliza kwanza. Inaanza lini? Hospitali ipi ya hapa kwetu inaipokea? Ugonjwa gani hailipii? Na mtoto akiumwa, mpeleke siku hiyo hiyo, kadi iwepo isiwepo."

Rozalia aliipigia kampuni simu, akauliza yote. Hospitali moja mjini iliipokea kadi, na malaria ililipiwa. Akaibakisha.

Miezi miwili baadaye homa ilirudi. Walifika hospitali mapema, kadi ikapokelewa, na jioni Diana alikuwa nyumbani akicheza.

Hofu haijamtoka Rozalia. Diana akikohoa tu, moyo humlipuka. Ila siku hizi huogopa huku anavaa viatu, tayari kwenda hospitali.