Kipruto wa Nyuma ya Nyumba

Zzziip.

Niliamka gizani. Zipu ya begi! Saa kumi na moja alfajiri, na Mburu, mume wangu, alikuwa amefika jana tu kutoka kazini Olkaria, baada ya wiki tatu.

"Baba Sue, unaenda wapi?"

"Muulize Kipruto."

"Kipruto gani?"

"Mama Sue, usinifanye mjinga!" Akainua simu yangu, akasoma meseji nilizomtumia dadangu Fancy kule Kuresoi:

"'Kipruto amerudi! Nimempa papai, akaniimbia mpaka nikasahau kufua.' Hiyo ni Oktoba. Desemba: 'Siku hizi haniogopi, anakula nikimwangalia.' Na ya juzi: 'Mvua ikianza Kipruto ataenda. Nitalia mimi.' Utalia! Mimi nikienda unaniambia safari njema, basi!"

Mungu anisamehe, kicheko kikanitoka.

"Unacheka? Ndoa inakufa, unacheka?"

"Ngoja kupambazuke. Kipruto huja saa kumi na mbili na nusu."

"Anakuja hapa? Mimi nikiwa ndani?" Akavua saa, akakunja mikono ya shati. "Wacha aje."

Tukasimama mlango wa nyuma, yeye ameshika mwiko wa ugali. Binti yetu Sue, wa miaka minne, akatoka akiburuta blanketi, akajipenyeza katikati yetu.

Kukapambazuka. Ndege mdogo wa kijivu, kichwani kama amevaa kofia nyeusi, akashuka kwenye sahani ya papai. Akadonoa mara mbili, akainua shingo, akaimba.

"Baba Sue, huyo ndiye Kipruto."

"Huyo... ndege?"

"Huja Oktoba kutoka ng'ambo, mvua kubwa ikikaribia anarudi kwao. Sisi Wakalenjin, mtoto aliyezaliwa safarini ni Kipruto. Ama ulitaka nimpe jina la babako, vile watu wa kwenu huwapa watoto majina ya babu zao?"

Mwiko ukamponyoka. Akaketi kwenye ngazi.

"Jemutai," akaniita kwa jina langu, "usiku nimemwandikia bosi. Nimemwambia nahamia Olkaria kabisa, sitakuwa nikirudi."

Sasa nikashtuka mimi.

"Kwa sababu ya meseji?"

"Kwa sababu sijawahi kuona chozi lako. Nilidhani nikienda unapumua."

Sue akamvuta babake shati.

"Baba, ukienda Mama hulia jikoni."