Spana Yenye Rangi Nyekundu

Siku Maximiliana alipokutana na Ngassa, stendi ya Bariadi ilikuwa imefurika watu wa mnada, kuku wananing'inia kwenye baiskeli, wapiga debe wamekauka makoo. Alikuwa ameshuka kutoka Mwanza na cherehani yake ya kwanza. Gauni lake la kitenge cha njano lilikuwa jekundu kwa vumbi, na gurudumu la cherehani lilikuwa linacheza kama jino bovu.

"Mwadila, mayu," mwanaume mmoja alimsalimu kwa Kisukuma. Alivaa ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi. "Hapo nati imelegea. Nikufungie?"

"Wewe fundi cherehani?"

"Fundi ndege."

"Fundi ndege gani anashinda stendi?"

"Wa ile ndege inayonyunyizia dawa kweleakwelea kwenye mpunga. Nimefuata vipuri kwenye basi."

"Haya funga. Ila usifunge sana ikapaa, sijamaliza kuilipia."

Ngassa alicheka, akatoa spana mfukoni, akakaza nati. Akazungusha gurudumu, akakaza tena. Alipoambiwa kwamba huyu ni Maximiliana, mshonaji wa Somanda, alilirudia jina hilo mara mbili. Kisha kondakta akaita wenye vifurushi, naye akakimbia.

Spana ilibaki juu ya cherehani. Namba kumi, kichwa kimepakwa rangi nyekundu. Maximiliana angeweza kumwita. Hakumwita. Aliitia kwenye droo ya cherehani, akajisemea: akirudi akaulizia spana, amefuata spana. Asipoulizia, amenifuata mimi.

Alimfuata Somanda baada ya wiki mbili, ovaroli inampwaya, macho ya mtu aliyetoka kuugua malaria. Ile ndege ilikuwa imeanguka na kuungua. Rubani Novatus, rafiki yake, alikufa ndani yake. Wachunguzi walisema bawa liligonga mti. Ngassa alikaa kwenye benchi mpaka uji aliopewa ukaganda. Spana hakuiulizia. Hakuiulizia siku hiyo, wala siku ya posa, wala siku ya harusi.

Maximiliana alishangilia moyoni.

Sasa ilikuwa imepita miaka kumi na miwili. Ngassa alikuwa fundi kwenye uwanja wa ndege Mwanza, na kila Ijumaa alirudi Somanda kwa mkewe na watoto watatu. Baba kama huyo hakuna. Alisuka nywele za binti zake, alifua, alipika. Lakini alihesabu watoto mlangoni, akawahesabu tena mezani. Ndege ya watalii wa Serengeti ikipita juu, tonge lilisimama mkononi mpaka mlio uishe. Na kila mchana alipiga simu.

"Mama Bundala, umefunga gesi?"

"Salamu kwanza, mume wangu."

"Salamu. Umefunga?"

"Nimefunga. Na mimi mwenyewe nimejifunga kanga mpya. Njoo unifungue."

Angecheka kidogo. "Kaiangalie tena."

Jumamosi moja alikuwa anaoga, simu yake ikaita. Jina: Sayi Nyalikungu. Maximiliana akapokea, akanyamaza.

"Shemeji," sauti ya mwanamke ilisema, "leo usikose. Mwezi uliopita hukuja, nikawa kama sina mtu duniani."

Ngassa alipotoka, taulo shingoni, alimkuta mkewe anaburuta cherehani kuelekea mlangoni.

"Sayi ni nani?"

"Mjane wa Novatus. Namtengenezea bati, pampu, vitu vya nyumba."

"Novatus amekufa miaka kumi na miwili! Bado hujamaliza kumzika?"

"Bado."

"Basi kamzike na mkewe. Mimi narudi kwetu Kasoli."

"Kaa nikuambie. Ukiondoka, uondoke unajua." Alikaa yeye kwanza, sakafuni. "Kambini kwa ile ndege ya dawa, kila kifaa kilikuwa na mchoro wake ubaoni, pale kinapotundikwa. Mchoro ukiwa mtupu, ndege hairuki mpaka kifaa kionekane. Kesho yake baada ya kukutana na wewe, nikakuta mmoja mtupu. Spana. Namba kumi."

Mikono ya Maximiliana iliachia cherehani.

"Nikajua nimeisahau ndani ya injini. Nikatafuta, wapi. Novatus anapiga kelele, kweleakwelea wanamaliza mpunga wa watu. Nikachukua spana yangu mwenyewe, nikaipaka rangi nyekundu ya kambi, nikaitundika pale. Nikasaini. Siku ya tatu akaanguka. Mti, mti... mimi najua kilichomwangusha."

"Na ile uliyofungia cherehani?"

"Ilikuwa yangu. Nilirudi nayo mfukoni."

"Hazikuwa mbili humo mfukoni, baba?"

Maximiliana alivuta droo, akapekua chini ya nyuzi na vifungo, akamwekea kiganjani. Rangi ilikuwa bado inang'aa.

Ngassa aliigeuza, akaisoma namba. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uiulizie. Hukuiulizia, nikajua umenipenda. Ndiyo maana nilikukubali."

"Na mimi sikuiulizia kwa sababu nilijua iliko: ndani ya injini iliyoungua."

Nje watoto walikuwa wanagombania mpira. Ngassa alifumba kiganja.

"Basi aligonga mti," alisema, polepole, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja. "Aligonga mti tu." Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Nifukuze," Maximiliana alisema. "Nimekula miaka yako."

"Nikufukuze, nani atanishonea ovaroli?" Alijifuta uso kwa taulo. "Kesho baada ya ibada tutakwenda wote kwa Sayi, Nyalikungu. Mimi nitamwambia Sayi nilisaini uongo. Wewe utamwambia spana ilikuwa wapi."

"Akinitukana?"

"Nitakuwa nimekushika mkono."

Mchana ule Ngassa alilala kwenye kochi, spana kifuani, mdomo wazi kama mtoto. Ndege ikapita juu kuelekea Serengeti. Hakutikisika.

Maximiliana ndiye aliyeisikia. Aliisikiliza mpaka mlio ukaisha, akainuka, akaenda kukaza koki ya mtungi wa gesi. Alisimama mlangoni akahesabu watoto. Watatu. Akarudi kuketi kwenye cherehani yake.

Kisha akainuka, akaenda kuwahesabu tena.