Goti la Golikipa

Daktari aliuachia mguu, lakini namba kwenye kompyuta zikaendelea kupanda.

Kazi ya fundi wa kompyuta hiyo ilikuwa kuzitazama tu. Alama mbili zilikuwa zimefungwa kwenye mifupa, moja ya paja, nyingine ya muundi, na kamera ilizifuata. Daktari akiuvuta muundi mbele, skrini inaonyesha umeteleza kiasi gani. Tangu amzike mkewe, fundi aliipenda kazi hii kwa kuwa haikumdai ahisi chochote.

"Daktari, usivute tena."

"Sijagusa."

Kweli, mikono yake ilikuwa hewani. Milimita tisa. Kumi na mbili. Harufu ya udongo mbichi ikatanda chumbani.

Nyuma ya pazia, golikipa aliyekatika kano la goti akauliza kwa sauti ndogo, "Nani huyo kanishika mguu?"

"Umechomwa ganzi, kaka. Husikii kitu."

"Mikono yenu siisikii. Huyu namsikia. Ana makucha."

Goti likalia, kriii, na muundi ukasogea mbele polepole machoni pa wote, ngozi ikibonyea kama imeshikwa na vidole, na fundi akangoja hofu impande, nayo ikamfikia kwa mbali tu, kama kelele za nyumba ya jirani, akaendelea kusoma kwa sauti ileile, kumi na tano, kumi na saba, mpaka golikipa akaomba, "Mwiteni mama. Yeye anamjua."

Mama aliingia amevishwa gauni la kijani, barakoa ikimpwaya. Hakushangaa. Akauinamia mguu.

"Babu yake ulimburuta, baba yake ukamburuta," akanong'ona. "Huyu humpati. Nipo mimi. Chukua, utoke."

Harufu ikakatika. Namba zikashuka. Mama akatolewa nje, na daktari akapitisha kano jipya ndani ya mifupa, akalikaza, akavuta kupima. Milimita mbili. Goti imara.

Fundi alipotoka, alimkuta mama koridoni akitembea kwa kushika ukuta. Kila akikanyaga, muundi wake ulichomoka mbele. Akamkimbilia, akamkalisha kwenye benchi.

"Nimwite daktari, mama?"

"Hapana, mwanangu. Kijana wangu asijue. Mwacheni acheze."

Mguu wake ukanyooka wenyewe. Mwili ukaanza kuteleza kwenye benchi.

"Nishike mkono," akasema.

Fundi akamshika. Upande wa pili, mguuni, kitu kikavuta.