Kisahani cha Stoo

"Mwizi ni mdogo wako."

Mkurugenzi wa hospitali aliyasema hayo bila kupandisha sauti, kisha akaigeuza kompyuta ili nishuhudie mwenyewe.

Programu iliyomtaja mwizi niliifunga mimi.

Nilitazama skrini. Simu ya mdogo wangu... stoo ya dawa... mchana. Jana, juzi, wiki iliyopita. Kila mchana!

Ndugu wasomaji, najua mnatarajia niseme nilipiga mayowe au nilizimia. Sikuzimia. Niliona kwamba kikombe cha mkurugenzi kilikuwa na ufa, nikaendelea kuutazama ule ufa.

Niwaeleze kazi yangu, maana bila hiyo mtapotea.

Mimi ni fundi wa mitandao. Hospitali hii ilikuwa na Wi-Fi ya kubahatisha: kila chumba na kifaa chake, kila kifaa na neno lake la siri. Niliajiriwa kufunga visahani vyeupe vya kurushia Wi-Fi darini, kimoja kwa kila chumba, kisha niviweke vyote chini ya programu moja ambayo mafundi tunaiita kontrola. Ukikaa mbele yake unaviona vyote: kipi kimezima, kipi kimeelemewa, na simu ya nani imeshika kisahani kipi.

Hilo la mwisho halikuwekwa kwa ajili ya kukamata wezi. Lakini mpe mtu darubini uone kama atatazama nyota. Atatazama dirisha la jirani.

Kazi hiyo nilitafutiwa na mume wangu, mhasibu wa hospitali hiyohiyo. Mdogo wangu ni muuguzi hapohapo. Wafanyakazi walikuwa wakinitania kwamba bado wazazi tu, nao walete magodoro.

Sasa dawa kali za maumivu zilikuwa zikipungua. Asubuhi zinahesabiwa zimetimia, jioni zimepelea. Mchana stoo hufungwa, na ufunguo hutundikwa kwenye meza ya wauguzi. Kwa hiyo mwenye simu humo mchana ana maelezo ya kutoa.

Mdogo wangu aliitwa. Aliingia na mfuko wa baridi begani. Nyuma yake akaingia mume wangu, na faili kwapani.

"Mchana huwa uko wapi?" mkurugenzi akamuuliza.

"Chumba cha kunyonyeshea, Daktari. Nakamua maziwa ya mwanangu."

Alikuwa ametoka likizo ya uzazi karibuni. Katika wafanyakazi wote, hakuna mwingine aliyekuwa akikitumia chumba kile.

"Una shahidi?"

"Jamani, Daktari! Nani anakamua maziwa na shahidi?"

"Na huo mfuko?"

"Maziwa."

"Mfuko wa maziwa unabeba mengi," mume wangu akasema, kwa upole.

Mdogo wangu akamgeukia. "Shemeji?"

"Kiri mapema, shemeji. Mimi nitakuombea yaishie humu ndani. Sisi ni familia."

"Nikiri nini?"

"Mashine haina undugu na mtu."

Maneno hayo aliyatoa kwangu. Niliyasema nyumbani, nikiwa namfundisha jinsi kontrola inavyofanya kazi. Aliuliza maswali mengi siku ile. Nilifurahi. Ni nadra mume kutaka kujua kazi ya mkewe.

Mkurugenzi alikuwa ameshika simu, tayari kuwaita polisi. Kwa muuguzi hilo lina maana moja: kazi imekwenda, leseni imekwenda, na jina limekwenda kabla ya vyote viwili.

"Dada, sema kitu!" mdogo wangu akalia. "Si mashine yako hii?"

"Naomba dakika moja," nikasema.

Nikavuta kompyuta. Sikuwa na mpango wowote. Ni mazoea tu: fundi akionyeshwa kisahani kimoja, hutazama na cha pili. Kama mdogo wangu alikuwa stoo, basi chumba cha kunyonyeshea mchana kingekuwa kitupu. Nikafungua kumbukumbu zake.

Hakikuwa kitupu.

Kulikuwa na simu ya mume wangu.

Jana mchana. Juzi mchana...

Mume wangu ana vipaji vingi, lakini kunyonyesha si kimojawapo.

Wazo la kwanza lilikuwa hilo mlilonalo ninyi sasa hivi. Msijifanye. Mume wangu na mdogo wangu! Nilingoja niumie. Sikuumia. Kilichokuja badala yake ni swali la kifundi: kama walikuwa pamoja, mbona simu ya huyu iko ncha moja ya korido na ya yule iko ncha nyingine? Watu hawakutani kwa kukaa mbalimbali.

Ila kama visahani vyenyewe ndivyo vilivyobadilishana mahali...

Hapo nikakumbuka ngazi.

Majina ya visahani huwa nayaandika mezani, kwenye karatasi ndogo inayobandikwa mgongoni mwa kila kimoja. Nikishakifunga darini, nabonyeza "tafuta" kwenye kontrola, nacho huwasha taa ya buluu, nijue kwamba kilicho juu ndicho ninachokidhania. Nilivikagua vyote hivyo. Isipokuwa viwili vya mwisho, cha stoo na cha chumba cha kunyonyeshea.

Siku hiyo mume wangu ndiye aliyenishikia ngazi na kunipokeza vifaa.

"Hivi viwili nimeshavitazama mimi, mke wangu," aliniambia. "Shuka ule, chakula kinapoa."

Nilishuka. Nilikula.

Kidole changu sasa kilikuwa juu ya "tafuta". Nikibonyeza, mdogo wangu anatoka. Nikibonyeza, mume wangu anaingia. Kitufe cha tatu hakipo.

"Daktari, naomba twende wote stoo," nikasema.

"Kufanya nini?" mume wangu akauliza haraka.

"Kutazama dari."

Tulikwenda. Mkurugenzi akafungua mlango. Makatoni, rafu, harufu ya dawa, na kisahani cheupe juu yetu.

"Hiki kontrola inakiita Stoo," nikasema. "Nikibonyeza hapa, taa yake itawaka buluu."

Nikabonyeza.

Tukatazama juu.

Hakuna taa... Kisahani kilikaa kimya kama mdaiwa.

Ndipo mfanya usafi akapiga kelele kutoka ncha ya pili ya korido:

"Fundi! Wewe fundi! Hiki kidude cha huku kwa mama wa kunyonyesha mbona kinawakawaka? Hakitalipuka?"

Hakuna aliyecheka. Mdogo wangu aliketi sakafuni palepale, akaukumbatia mfuko wake wa maziwa, akalia.

Mkurugenzi si mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. "Kumbe huyu alikuwa kule, na kontrola inakiita chumba kile Stoo," akasema polepole. "Basi aliyekuwa humu ni yule ambaye kontrola inamweka chumba cha kunyonyeshea. Ni nani?"

Nilimgeuzia kompyuta. Simu za wafanyakazi wote zimesajiliwa kwa majina yao, kwa hiyo sikulazimika kusema neno.

"Programu ina hitilafu!" mume wangu akaruka. "Mambo ya kompyuta haya! Hayaaminiki!"

"Mashine haina undugu na mtu, shemeji," mdogo wangu akasema kutoka sakafuni.

Wakati wa kuwasubiri polisi nilikaa na mume wangu ofisini, meza katikati.

"Ulinipokeza cha huku kule na cha kule huku," nikasema.

Akalinyoosha faili lake juu ya meza.

"Kwa makusudi."

"Ilibidi aonekane mtu humo stoo," akajibu. "Zingekwisha dawa, wangetafuta mtu."

"Na simu yako? Ungeiacha hata mezani."

Mume wangu haachi simu mezani hata akienda msalani. Inaelekea kilichomo humo kilimtisha kuliko polisi. Sikuuliza. Kwa siku moja yalitosha.

"Hukuogopa kwamba ningekagua?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Wewe unakagua kila kitu," akasema, "isipokuwa ninachokupa mimi."

Ilikuwa kweli.

Mnangoja funzo, nalo ni dogo. Programu haijui ukweli. Inajua ulichoiambia, na itakirudia mbele ya mkurugenzi bila kupepesa macho. Kabla hujaitumia kumfukuza mtu, panda ngazi utazame taa. Na anayekuambia ushuke ule kwanza, muulize chakula kinaharakia wapi.

Polisi walipomchukua, nilirudi kumaliza kazi. Nilibadilisha majina mawili, nikahifadhi, kisha nikabeba ngazi hadi stoo. Mdogo wangu ndiye aliyenishikia, mkono mmoja kwenye ngazi, mwingine kwenye mfuko.

Taa ya buluu ikawaka pale ilipopaswa kuwaka.

"Umekagua, dada?"

"Nimekagua."

"Kagua tena."

Nikabonyeza tena.