Vipele vya Chapo

"Hakuna ugonjwa wa mbwa unaoweza kunishinda hapa Riruta!" Mwelu alijigamba Jumatatu asubuhi, akikwangua uji wa mwisho kwenye sufuria. "Muulizeni paka wa jirani yetu, Shosho Nyokabi. Nani alimtoa mwiba?"

"Alijitoa mwenyewe," alisema Mutie, ndugu yake wa miaka saba. "Wewe alikukwaruza tu."

Mwelu aliweka sufuria chini. Daktari mkubwa habishani na watu wa gredi ya pili. Alitoka kwenda uani kumkagua mgonjwa wake. Chapo alikuwa mbwa mchanga wa miezi mitatu, mweupe mwenye madoa ya kahawia kama chapati iliyoiva vizuri. Kwa muda wa wiki moja, vipele vilikuwa vimemwota tumboni na shingoni. Kila asubuhi Mwelu alivihesabu na kuvichora kwenye daftari kuukuu. Siku hiyo vilikuwa kumi na saba.

Vipele hivyo vilikuwa na kioja chake. Ukikisugua kimoja, kilivimba na kuwa chekundu. Ukikiacha, baada ya saa moja kilinywea. Mwelu aliliandika hilo pia, kwa kalamu nyekundu.

Shida ilikuwa Mzee Jamleck, mwenye ploti waliyopanga. Alipoviona vipele tu, alirudi nyuma hatua tatu.

"Huo ni upele wa kuambukiza!" alifoka. "Watoto wa ploti hii watajikuna hadi Krismasi! Ikifika Ijumaa, sitaki kumwona mbwa huyo hapa."

Ijumaa! Moyo wa Mwelu ulipiga kama ngoma ya gwaride. Jioni hiyo alifanya vile alivyoona majirani wakifanya wakati mbwa wao wanapopata upele: alipitia gereji, akaomba oili chafu iliyotolewa kwenye magari. Mutie alishika mkebe. Mwelu akampaka Chapo kuanzia shingo hadi mkia, huku akivisugua vipele kwa nguvu ili dawa iingie.

"Ukinyamaza, nitakununulia mandazi mawili," Mwelu alimnong'oneza Mutie.

"Matatu."

Kufikia Jumatano vipele vilikuwa vimevimba kama maharagwe yaliyolowekwa, na Chapo alikuwa akitapika. Mwelu alimsugua kwa sabuni na matambara hadi oili ikaonekana imetoka. Mama alipowasili kutoka kazini na kumwona mbwa amelegea, aliwachukua wote watatu hadi kliniki ya wanyama iliyo kando ya Barabara ya Naivasha.

Daktari Kasyoka alikichoma kipele kimoja kwa sindano nyembamba, akatazama kwenye hadubini. Kisha alifungua daftari la Mwelu, akapekua kurasa polepole.

"Nani aliyeandika haya?"

"Mimi, Daktari."

"Nimetibu wanyama miaka kumi na minane. Hakuna aliyewahi kuniletea ramani ya vipele. Na hili la kipele kuvimba ukikisugua, ndilo hasa nililotaka kujua. Heko!"

Mama alijinyoosha kitini kama aliyepewa nishani.

"Kwenye ngozi mna seli za ulinzi zinazoitwa masti," daktari aliendelea. "Zinabeba kemikali ya kuwasha. Kwa Chapo zimejazana mahali pamoja, na ukizisugua zinaimwaga. Ugonjwa huu hauambukizi, na kwa mbwa mchanga vipele vinaweza kupotea vyenyewe. Haya, mmempaka chochote?"

"Hapana," Mwelu alisema haraka. Mutie alitazama dari.

Daktari alimnusa Chapo masikioni. "Hakuna kabisa?"

"Sabuni tu."

Daktari alivua miwani. "Mama, basi sina habari njema. Kama hajalamba kitu kibaya, huku kutapika kunaniambia kwamba ugonjwa umeingia ndani ya mwili. Hapo mbwa mdogo hivi hana matumaini makubwa." Alimgeukia Mwelu. "Nauliza mara ya mwisho. Mlimpaka nini?"

Chapo alimlamba Mwelu kidole, kwa udhaifu.

"Oili chafu!" Mwelu alilipuka, machozi yakimtoka. "Ya gereji. Nilimpaka mwili mzima. Amekuwa akijilamba!"

Papo hapo daktari alisimama. Maji ya uvuguvugu yaliletwa, oili iliyobaki ikaoshwa, Chapo akawekewa dripu. Kabla ya giza kuingia alikuwa ametikisa mkia mara moja.

"Oili ile ni sumu," Daktari Kasyoka alimwambia Mwelu. "Lakini sikiliza. Wagonjwa wangu hawasemi. Mimi humtegemea mtu aliyewaleta. Wewe ndiwe mdomo wa Chapo. Ukinidanganya, umemziba mdomo. Leo umemfungulia, na umemwokoa."

Mama alipomweleza kuhusu Ijumaa, aliandika pia barua ya kumhakikishia Mzee Jamleck kwamba ugonjwa huo hauambukizi.

Wiki sita baadaye, vipele vilikuwa vimebaki vinne. Mzee Jamleck alisimama uani, barua mfukoni, akimkuna Chapo nyuma ya sikio bila woga.

"Mbwa atabaki," alisema. "Na wewe msichana, nasikia ulisema ukweli bila kusitasita."

Mwelu alituna kifua. Watoto wote wa ploti walikuwa wakisikiliza. "Daktari aliponiuliza tu, Mzee, nikasema kila kitu!"

"Alimuuliza mara tatu," alisema Mutie, mdomo umejaa mandazi. "Mimi nilihesabu."

Mama alimtazama Mwelu. Mzee Jamleck alimtazama Mwelu. Hata Chapo aliinua kichwa akamtazama.

"Sawa," alisema Mwelu. "Mara tatu."

Mama alicheka, akamvuta karibu. "Sasa hiyo," alisema, "ndiyo ya kujivunia."