Askari wa Tatu Kutoka Kushoto

Asubuhi ya safari, Chiriku aliamsha nyumba nzima. Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Alipiga pasi sare, akang'arisha viatu, akajaza maji kwenye chupa, na muda wote huo alikuwa anaongea.

"Leo tunakwenda kwenye gereza la zamani, Bibi! Mwalimu anasema watu walifungwa pale bila hata kesi, eti kwa sababu walidai ardhi yao."

Bibi alikuwa akimshonea kifungo kilicholegea. Aliukata uzi kwa meno. "Mwende salama," akasema, basi.

Mlango wa gereza ulikuwa mfupi, hata watoto waliinama kuingia. Mwongozaji, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, aliwaonyesha chumba kidogo kuliko darasa lao. "Humu walilala watu arobaini," alisema. "Hiyo mistari ukutani walikuwa wakihesabia siku."

Waliokuwa wakisukumana waliacha. Kibiriti, rafiki wa Chiriku wa dawati moja, aligusa ile mistari kwa kidole. Babu wa mama yake alifungwa humo, na kwao kila mtu alijua habari hiyo.

Chumba cha mwisho kilikuwa na picha kubwa. Wafungwa walikaa chini juani, mbele yao marundo ya mawe ya kuponda. Nyuma walisimama askari watano wenye fimbo. Chiriku alipomtazama wa tatu kutoka kushoto, alisogea karibu zaidi. Kovu lile lililokata nyusi alilijua. Lilikuwa kwenye picha ya chumbani kwa Bibi, ya baba yake Bibi aliyezeeka, akiwa amempakata mtoto na kucheka.

"Mbona umeduwaa?" Kibiriti aliuliza. "Unamjua?"

"Mimi? Nimjue wapi!"

"Afadhali. Ningemjua ndugu wa mmoja wao, nisingekaa naye."

Njiani kurudi, Chiriku hakufungua mdomo, mpaka mwalimu akamuuliza kama ana homa. Kichwa chake kilikuwa kimevurugika. Yule mzee aliyembeba Bibi mabegani, aliyemfundisha kusoma, angewezaje kushika fimbo ile? Labda alilazimishwa. Labda si yeye. Lakini kovu?

Jioni alimfuata Bibi jikoni. "Bibi, nimemwona baba yako. Kwenye picha, gerezani."

Bibi aliweka mwiko chini, akakaa kwenye kigoda. "Nilijua utamwona."

"Sasa alikuwa mtu mwema au mbaya?"

"Kwangu alikuwa baba mwema. Kwa wale alikuwa askari aliyewapiga. Yote mawili ni kweli, mjukuu wangu, na mimi mpaka leo sijui niyaweke wapi."

Chiriku alitaka jibu moja, akapewa mawili. Alijigeuza kitandani hadi usingizi ukamchukua.

Kesho yake mwalimu aliwaambia waandike walichokiona. Chiriku aliandika kuhusu mlango mfupi, akafuta. Akaandika kuhusu mistari, akafuta. Mwishowe aliandika ukweli, na zamu yake ilipofika akausoma. "Askari wa tatu kutoka kushoto ni baba wa bibi yangu. Jana nilisema simjui. Nilidanganya."

Kibiriti alikusanya madaftari yake, akahamia dawati la nyuma. Siku mbili hawakusemeshana, na Chiriku alijuta kusema, kisha akajuta kujuta.

Siku ya tatu Bibi alikuja shuleni, amejifunga kanga yake nzuri. Chiriku alikuwa amemsimulia yote, naye akaomba mwenyewe kuzungumza na darasa.

"Baba yangu alinisimulia mara moja tu," alisema. "Mfungwa mmoja aliomba maji, yeye akampiga badala ya kumpa. Akilieleza hilo alilia, akaniambia nisimwambie mtu. Nimelibeba miaka mingi."

Kibiriti alisimama nyuma. "Shikamoo, Bibi. Aliwahi kuwaomba msamaha?"

"Marahaba, mwanangu. Hapana. Alilia ndani kwake, lakini hakwenda kwa mtu yeyote. Kulia peke yako si kuomba msamaha. Basi mimi nakuomba wewe unipelekee salamu zangu kwenu, niambiwe kama naweza kuja."

"Nitamwambia mama," alisema Kibiriti.

Mwalimu alimshukuru Bibi, akawageukia wanafunzi. "Hakuna mtoto anayerithi kosa la mzee wake. Chiriku hakumpiga mtu. Lakini tukificha yaliyotendeka, hapo tunaanza kosa letu wenyewe, maana walioumizwa wanabaki kama watu waliosema uongo. Tuliwapeleka kule mjue ukweli, hata ule unaouma nyumbani kwenu."

Chiriku bado hakujua ampende mzee yule au amchukie. Pengine ingemchukua miaka kujua. Aliinua macho aliposikia madaftari yakiwekwa mezani kwa kishindo.

"Sogea basi," alisema Kibiriti. "Umejaza dawati zima."