Jeneza Juu ya Majabali

Vannina ni jirani yetu. Ukuta wake ndio ukuta wetu. Haya yalimfika yeye mwenyewe, mchana kweupe, na asiyetaka kusadiki ana ruhusa yake. Ilikuwa vuli, bahari ya kisiwa chetu cha Korsika imetulia, na kijijini watu walikuwa wanaanika tini za mwisho.

Orsu, mdogo wake, alikuwa amerudi kutoka mji wa Marsei, ng'ambo ya bahari, baada ya miaka mingi. Baba yao alipokufa, Orsu hakuja kuzika. Mabaharia wa feri waligoma, na alipopata chombo, kaburi lilikuwa limeshafungwa kwa saruji. Usoni hakuna aliyemlaumu, ila mgongoni walimsema mpaka wakachoka. Vannina aliona aibu ile inavyomla ndugu yake, akaamua kumpeleka akamwone baba. Makaburi ya ukoo wao yako ng'ambo ya rasi, na njia fupi ni ile ya miguu juu ya majabali, ambayo wageni huitembea kwa fimbo zao wakipiga picha kila kichaka.

Mama yao aliwasindikiza hadi mlangoni.

"Vannina, mrudishe. Sina mtoto mwingine wa kiume."

"Mama, naenda makaburini, siendi vitani," Orsu akasema.

"Mrudishe," mama akarudia, kama hakumsikia.

Walitembea vizuri tu. Chini kabisa maji yalikuwa ya kijani, mnara wa zamani uling'aa juani, na wageni wawili waliwapita wakiwasalimu kwa lafudhi ya ajabu. Orsu alihema kama mvuta mkokoteni.

"Marsei imekufanya kuku wa banda," Vannina akamtania. "Hilo tumbo unambebea nani?"

"Namtunzia mke atakayekuja."

"Akija atakuta kitandani hakuna nafasi."

Wakaketi penye kivuli cha mwamba. Vannina akatoa mkate, jibini ya mbuzi na kisu chake kidogo. Alikuwa bado anakata jibini ukungu ulipopanda kutoka baharini. Ulipanda haraka, ukameza mnara, ukameza maji, ukawaachia kipande cha njia tu: kushoto mwamba, kulia utupu.

Kisha wakasikia wimbo.

Sauti za wanaume, nzito, za polepole. Vannina aliujua wimbo ule tangu utotoni. Ndio huimbwa na chama cha mazishi cha kijiji chetu kinapopeleka maiti kaburini.

"Nani kafa?" Orsu akauliza.

"Hakuna aliyekufa," Vannina akanong'ona. "Njoo ukutani. Mgongo kwenye mwamba. Usiseme kitu, usitoke, mpaka wapite."

Hakuna mtoto wa kwetu asiyefundishwa na bibi yake jambo hili. Ukikutana na msafara wa wafu ukunguni, mgongo ukutani, kisu menoni, ncha ielekee nje. Na kinywa usikifumbue. Atakayefumbua kinywa, wamemwona, naye ni wao.

Kisu kilikuwa kimoja. Vannina akamkumbatia Orsu kwa mkono wa kushoto, akakiuma kile kisu kwa meno.

Wakaja. Wawili wawili, kanzu nyeupe, kofia ndefu zimeshuka hadi kidevuni. Njia ile ni ya kokoto tupu, hata akipita mbuzi, kokoto hulia. Chini ya miguu yao hazikulia, wala hawakuacha unyayo. Nyuma yao likaja jeneza. Lilibebwa na watu watatu. Nafasi ya nne, mbele upande wa mwamba, ilikuwa wazi, na jeneza halikuinama.

Mbebaji wa mbele, upande wa bahari, aliburuta mguu wa kushoto.

Vannina alimjua. Baba yao aliburuta mguu ule tangu alipoanguka kutoka juu ya mzeituni. Orsu naye alimjua. Akavua kofia yake taratibu.

Kwetu, mwanamume akikutana na jeneza njiani hapiti hivi hivi. Hutoa bega. Hata kama aliyekufa alikuwa adui yake, hutoa bega, hatua chache, ndipo aendelee na safari. Asiyefanya hivyo si mtu. Na huyu hakumbeba baba yake.

"Sikukubeba, baba," Orsu akasema kwa sauti ya mtoto. Akatoka ukutani.

Vannina alishika shati. Likamponyoka. Alitaka kuita, akabaki kuguna, kisu menoni. Orsu akaingia chini ya jeneza, akaliweka begani. Msafara ukaendelea.

Pale mbele njia inakata kushoto. Wao hawakukata. Wawili wa kwanza walikwenda moja kwa moja, wakaingia hewani, wakaendelea kutembea. Wawili wengine wakafuata. Wimbo haukukatika.

Orsu alibakiza hatua chache.

Vannina aliogopa. Aliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake, na meno yake hayakutaka kuachia. Akilini akamwona mama pale mlangoni.

Akakitema kisu.

"Orsu! Rudi! Mama anakungoja!"

Wimbo ukakatika. Kofia zote ziligeuka. Hazikumwelekea Orsu, zilimwelekea yeye.

Kisha palikuwa na ukungu tu. Orsu alikuwa amepiga magoti ukingoni, kokoto zikimporomoka chini ya vidole. Vannina akamvuta kwa ukosi. Walirudi wameshikana mikono, na hakuna aliyekumbuka kaburi.

Jioni mama aliwapakulia supu ya maharage. Orsu hakuigusa.

"Dada, lile jeneza lilikuwa jepesi," akasema. "Halikuwa na mtu."

"Kula, Orsu."

"Ulipoita tu, likawa zito. Ndipo likaniangusha."

Mama akafanya ishara ya msalaba. Vannina akainama juu ya bakuli lake, akaendelea kula.

Usiku ule mvua ilinyesha sana. Asubuhi Vannina alikwenda bandani kuokota mayai. Aliporudi, Orsu alikuwa amesimama mlangoni na kahawa yake, anatazama ua.

"Dada, umepita wapi?"

"Hapo hapo. Kwani nina mabawa?"

Orsu hakucheka. Vannina akageuka. Ua wote ulikuwa tope laini, kutoka mlangoni hadi bandani. Nyayo za kuku zilikuwepo. Nyayo za paka zilikuwepo. Zake hazikuwepo.

Akaweka mayai chini. Akaukanyaga udongo kwa nguvu zake zote, kama anayeua nge, akainua mguu. Tope lilikuwa sawasawa, linang'aa.

"Vannina!" mama akaita kutoka jikoni. "Usiniletee matope ndani. Futa viatu!"

"Ndiyo, mama," akaitikia, machozi yakimtoka.

Akavifuta. Vilikuwa vikavu.